Kifuko cha koloidi ndani ya ubongo: kama mtu huzaliwa nacho, mbona kinanyamaza miaka 36?

#1 Binti Kilosa

Wakuu, salaam.

Kaka yangu ana miaka 36, fundi seremala, hajawahi kulazwa. Tangu mwaka jana kichwa kinamuuma kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Akiinama kufunga kamba za viatu, au akienda sijda, maumivu yanapanda ghafla mpaka anashika ukuta. Akikaa wima kidogo yanaachia. Kuna siku miguu ilimwisha nguvu sokoni akaenda chini, huku akili timamu na anaongea. Katibiwa malaria, katibiwa presha, kapewa miwani. Mwisho daktari mmoja kijana akamulika ndani ya macho, akaona mshipa wa fahamu wa jicho umevimba pale unapoingilia, akaandika CT siku hiyo hiyo.

CT na MRI zote zinasema kuna kifuko cha koloidi, milimita 11, kwenye paa la ventrikali ya tatu (chumba cha maji katikati ya ubongo), na vyumba viwili vya pembeni vya maji ya ubongo vimetanuka. Tumeambiwa si saratani, na kwamba kazaliwa nacho. Hapo ndipo ninapokwama. Kama kazaliwa nacho, kilikuwa wapi miaka yote hii? Mtu huyu kacheza mpira, kabeba mbao. Naomba kuelimishwa, maana nyumbani wameshaanza kutafuta nani kamroga.

#2 Mzee wa Filamu

Pole sana dada. Nimekaa chumba cha picha muda mrefu na kifuko hiki nimekutana nacho kwa nadra. Vitabu vinakiweka kwenye asilimia 0.5 hadi 2 ya uvimbe wote wa ndani ya fuvu. Ila ukikiona hukisahau, kwa sababu mahali pake ni palepale: mbele kabisa ya paa la ventrikali ya tatu, mlangoni pa tundu la Monro, ambako maji ya vyumba viwili vya pembeni hupita kushuka chini. Ni duara na kingo zake safi. Kwenye CT isiyo na dawa ya kung'arisha picha mara nyingi kinatoka cheupe kuliko ubongo, na wengi hudhani ni damu. Si damu, ni protini na ute uliokolea. Ukichoma dawa hakiwaki, labda ukingo mwembamba tu.

Tabu ni kwamba si vyote vyeupe. Kuna vinavyofanana rangi na ubongo wenyewe, na kama mashine imekata vipande vinene, kifuko kidogo kinapotea na ripoti inarudi "hakuna tatizo". Kwenye MRI nako hakina sura moja. Kwenye T1, aina moja ya picha za MRI, mara nyingi cheupe, na weupe huo unakwenda pamoja na wingi wa kolesteroli iliyomo. Kwenye T2, aina nyingine, kinaweza kuwa cheupe au cheusi, na kikiwa cheusi maana yake yaliyomo ni mazito na maji yake machache. Ya kaka ikoje kwenye T2 na kwenye FLAIR, aina ya tatu ya picha za MRI?

#3 Nahodha Tumbatu

Shukrani Mzee, lakini swali la dada bado liko palepale. "Kazaliwa nacho" nani alikiona? Hakuna picha ya utotoni. Mimi naona kimeota ukubwani, hilo la kuzaliwa nacho limesemwa ili watu wasiulize zaidi.

#4 Hadubini

Nahodha, ushahidi hautoki kwenye picha ya utotoni, unatoka kwenye seli.

Kifuko kikitolewa na kukatwa vipande vyembamba, nje unakuta ukuta wa nyuzi za kolajeni. Ndani ya ukuta huo kuna safu moja ya seli, nyingine fupi za mraba, nyingine ndefu. Baadhi zina vinyweleo juu yake, na katikati yao zimo seli zilizojaa ute. Katikati ya kifuko ni ute mtupu usio na umbo, ambao ukiupaka rangi ya PAS unageuka waridi iliyoiva. Sasa seli za aina hiyo, vinyweleo na ute pamoja, utazikuta kwenye njia ya hewa, puani kushuka hadi kwenye mapafu. Ubongo hauna kazi nazo. Mtu mzima hawezi kuamka na miaka 25 ubongo wake ukaanza kuotesha ngozi ya koromeo. Zilibaki huko tangu mimba changa.

Kimya cha miaka 36 kinaelezeka: seli ni chache, zinatoa ute kidogo kidogo, na ute hauna pa kutokea. Miaka inapita kabla kifuko hakijafika ukubwa wa kuziba njia.

#5 Ticha Bios

Hadubini umetuelimisha, ila usilifunge jambo mapema. Wallmann alipokieleza kifuko hiki mwaka 1858 hakukuwa na mtu aliyefikiria njia ya hewa. Mwaka 1909 Sjövall akasema kinatokana na parafisisi, kifuko kidogo kinachoota kwenye paa la ubongo wa mbele. Kwa vyura na mijusi kipo vizuri kabisa. Kwa binadamu kinajitokeza kwenye mimba kisha kinapotea. Mahali pake ni hapohapo karibu na tundu la Monro. Mabaki ya kitu kilichopaswa kupotea yakakataa kupotea: hiyo ndiyo maelezo rahisi zaidi.

#6 Hadubini

Mahali panakubali, seli zinakataa. Maabara zimetumia kingamwili inayotambua seli za Clara, ambazo ni za vijia vyembamba vya mapafu, na kwenye vifuko vya koloidi imewaka. Alama ya keratini inawaka pia. Alama ya GFAP, ambayo hutambua seli za kushikilia ubongo, haiwaki kwenye safu ile. Hizo si tabia za mtoto wa ubongo. Ndiyo maana leo wengi wanakiweka upande wa endodemu, tabaka linalozaa utumbo na mapafu.

#7 Ticha Bios

Sawa, nionyeshe njia. Vifuko vya nyurenteriki, ambavyo navyo vina seli za utumbo au za hewa, tunavikuta mbele ya shina la ubongo na mbele ya uti wa mgongo. Pale naelewa, maana mimba ikiwa changa endodemu hupakana na notokodi, kijiti laini ambacho uti wa mgongo hujengwa kukizunguka, na kipande kinaweza kunaswa. Lakini ventrikali ya tatu, tena kwenye PAA lake? Endodemu ilipandaje mpaka kule juu? Sijaona mchoro wa mimba unaoeleza safari hiyo.

#8 Mfugaji wa Mbulu

Wakuu, kabla hamjaenda mbali na mimba, je, wamemwondolea tegu? Huku kwetu watu wenye vifuko vya tegu wa nguruwe kichwani tunawajua. Kifafa, kichwa kuuma, na kuna wanaoota kifuko ndani ya vyumba vya maji kabisa. Nashauri apewe dawa ya minyoo kwanza kabla ya kisu.

#9 Nahodha Tumbatu

Mfugaji, kila uzi wa kichwa lazima umwingize nguruwe 😀. Dada kasema kaka anaenda sijda. Nguruwe kamlia wapi?

#10 Mzee wa Filamu

Nahodha, hapo Mfugaji ana haki kuliko wewe. Nyama ya nguruwe isiyoiva inakupa tegu mwenyewe tumboni. Vifuko vya kichwani vinatokana na MAYAI, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kuishia kwenye maji, mboga za majani au mikono. Asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuyapata. Kwa nchi zetu lazima swali hilo liulizwe.

Lakini picha zinatofautiana. Kifuko cha tegu kilicho hai kina ukuta mwembamba na maji ya rangi ileile ya maji ya ubongo, na ukibahatika unaona kinukta ndani, kichwa cha mnyoo. Kwenye CT hakitoki cheupe hivi. Halafu ndani ya vyumba vya maji hupenda zaidi ventrikali ya nne, na kinaweza kuhama ukimgeuza mgonjwa. Kifuko cheupe, duara, kilichoganda mlangoni pa Monro si tabia ya tegu. Na dawa ya minyoo isiguswe bila daktari: mnyoo wa kichwani ukifa unaleta uvimbe, na kwa mtu ambaye maji tayari yameziba hiyo ni hatari kubwa.

Kitu kingine ambacho hutatanisha ni kifuko cha epidemoidi, chenye seli za ngozi. Chenyewe kwenye picha ya difyusheni, aina nyingine ya MRI, kinang'aa sana, cha koloidi kwa kawaida hakifanyi hivyo.

#11 Mama Chausiku

Binti Kilosa, mwanangu amepita njia hiyo. Yeye alikuwa na miaka 29. Kichwa kilimuuma, lakini kilichonitisha mimi ni kusahau. Ananisalimia, anatoka uani kuchota maji, akirudi ananisalimia tena kama hatujaonana. Watu wakasema bangi. Mtoto hajui hata sigara.

Alifanyiwa upasuaji, kichwa kikaacha kuuma kabisa. Kusahau kumepungua ila hakujaisha. Mambo ya zamani anayo yote, hata majina ya walimu wa darasa la kwanza. Ya jana ndiyo yanamponyoka. Nampa daftari, anaandika. Muulize kaka mambo ya jana na juzi, uandike majibu kabla ya upasuaji ili mjue ameingia na nini.

#12 Hadubini

Mama, pole na hongera kwa kumsimamia. Hilo lina mahali pake mwilini. Nguzo mbili za forniksi, nyuzi zinazobeba kumbukumbu mpya, zinashuka kwenye ukingo wa mbele wa tundu la Monro, zikigusana kabisa na kifuko. Kifuko kinazisukuma, maji yaliyotanuka yanazivuta, na chombo cha upasuaji kinapita jirani yake.

#13 Mkenya wa Nakuru

Nyinyi wote mnazunguka tu. Pale Mbale, Uganda, hospitali ya CURE wametibu watoto wa vichwa vikubwa kwa miaka bila mrija wa kutoa maji kichwani. Daktari Benjamin Warf ndiye aliyeanzisha pale mbinu ya kuingiza endoskopi (kijiti chenye kamera), kutoboa sakafu ya ventrikali ya tatu na kuchoma tishu inayotengeneza maji. Kwa nini kaka asitobolewe hivyo, kifuko kikaachwa kikalala?

#14 Fundi wa Fuvu

Kazi ya Mbale ni kubwa na sisi tunaojifunza upasuaji wa ubongo ukanda huu tunaifahamu vizuri. Ila haimfai kaka. Kule tatizo la watoto wengi liko chini ya ventrikali ya tatu, na mengi hufuatia maambukizi ya uchangani. Ukitoboa sakafu ya ventrikali ya tatu unawapa maji mlango mpya. Kwa kaka, maji hayafiki hata kwenye ventrikali ya tatu. Yameziba juu yake, kwenye matundu ya Monro, kulia na kushoto. Utatoboa sakafu ya chumba kisichoingiwa na maji.

Kwa sababu hiyohiyo mrija mmoja hautoshi. Lazima iwe miwili, au mmoja na ukuta wa kati utobolewe ili vyumba viwili viwasiliane. Na bado kifuko kinabaki.

Dada, jambo la kushika: asichomwe sindano ya mgongo. Hata kama mtu atasema anatafuta homa ya uti. Presha imekaa juu, ukitoa maji chini ubongo unasukumwa kushuka kwenye tundu la fuvu na mtu anaweza kufa mezani. Na akianza kusinzia kupita kawaida, au kutapika mfululizo, huyo anapelekwa dharura usiku huohuo.

#15 Nahodha Tumbatu

Fundi, hili la kuinama likoje? Nimesoma kwamba kifuko kinaning'inia, mtu akiinama kinaangukia tundu na kuziba kama kizibo kwenye shingo ya chupa, akiinuka kinatoka. Ni kweli?

#16 Fundi wa Fuvu

Ndivyo ilivyoelezwa kwa miaka mingi, na baadhi ya wagonjwa wanasimulia kama kaka. Lakini nimeshuhudia upasuaji wake kwa endoskopi. Kifuko kimeshikana na paa na pleksasi ya koroidi, tishu inayotengeneza maji ya ubongo, hakichezi hovyo. Halafu wagonjwa wengi maumivu yao hayafuati mkao kabisa. Wapo wanaosema kuinama kunapandisha presha ya mishipa ya damu kichwani, na kichwa ambacho hakina nafasi tena kinalalamika. Maelezo yote mawili yanasimama kwa wagonjwa tofauti, mimi naegemea la pili.

Kuhusu miguu kuishiwa nguvu ghafla huku mtu ana fahamu, wengine husema ni nyuzi za miguu zinazopita karibu na chumba kilichotanuka, zinavutwa presha inaporuka.

#17 Mwambao wa Muscat

Mimi swali langu ni la kutisha kidogo, dada anisamehe. Hapa kazini mwenzetu alipoteza ndugu aliyekutwa amefariki kitandani, uchunguzi wa maiti ukaonyesha kifuko hiki. Aliugua kichwa tu. Inakuwaje kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi kimuue mtu usiku mmoja?

#18 Hadubini

Vifo vya ghafla vipo na vinajulikana, ingawa ni vichache. Hesabu yenyewe inatisha: ubongo hutengeneza maji kiasi cha mililita 500 kwa siku, na nafasi yote ya maji hayo ni kama mililita 150. Njia ikifungwa kabisa, saa chache zinatosha.

Lakini si kila maiti inakubaliana na hilo. Kuna waliokutwa vyumba havijatanuka sana. Wanaofanya uchunguzi wa maiti wakaleta maelezo mengine, kwamba kuta za ventrikali ya tatu ni hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza mambo kama mapigo ya moyo, na zikibanwa ghafla zinavuruga mapigo ya moyo. Moyo unasimama kabla ubongo haujabanwa. Mimi la maji linanitosha kwa wengi, la moyo silitupi.

#19 Mzee wa Filamu

Tusimtishe dada kupita kiasi. Mayo Clinic walichapisha mwaka 1999 habari za watu waliogunduliwa kifuko kwa bahati, bila dalili, wakafuatiliwa tu. Kufikia miaka 10, waliopata dalili walikuwa kama asilimia 8. Wengi walibaki nacho kwa amani.

Ila kaka si wa kundi hilo, ana dalili na vyumba vimetanuka. Mwaka 2016 madaktari wa Washington University, St. Louis, walitoa kipimo cha alama tano: umri chini ya miaka 65, kuumwa kichwa, kipenyo cha milimita 7 kuendelea, weupe kwenye FLAIR, na mahali kifuko kilipokaa ndani ya ventrikali. Alama zikifika nne, hatari ni kubwa. Ndiyo maana niliuliza FLAIR na dada hajanijibu.

#20 Binti Kilosa

Asanteni wote. Mzee, nimeomba CD nikampelekea daktari wa picha mwingine. T1 cheupe. T2 kina cheusi katikati na duara jepesi pembeni. FLAIR cheupe. Mama Chausiku, nilimuuliza kaka tulikula nini juzi. Alitaja chakula cha siku nyingine kabisa, na alikuwa na uhakika. Nimeandika.

Tumepangiwa upasuaji. Daktari ametuambia kuna njia mbili, ya endoskopi au ya kufungua fuvu. Mbona wanatuachia sisi tuchague?

#21 Fundi wa Fuvu

Kwa sababu hata wapasuaji hawajaafikiana. Endoskopi inaingilia tundu dogo mbele kulia, karibu na mshono wa fuvu, mtu anarudi nyumbani mapema. Unafika kwenye tundu la Monro, unakiona kifuko kina rangi ya kijivu kinachoelekea kijani, unakitoboa, unanyonya. Lakini vyumba lazima viwe vimetanuka ndipo uwe na nafasi, na yaliyomo yakiwa mazito hayanyonyeki. Cheusi cha T2 ndicho hicho. Kufungua fuvu na kupita katikati ya pande mbili za ubongo ni kazi kubwa zaidi, ila unauona ukuta wote na kuutoa mzima. Ukuta ukibaki, seli zinabaki, na ute utaanza upya. Muulize mpasuaji wenu njia ipi ameizoea mikono yake. Mimi jibu hilo ningelipa uzito kuliko jina la mbinu.

#22 Ticha Bios

Mkumbuke wa kwanza kukitoa na mgonjwa akapona ni Walter Dandy, Johns Hopkins, mwaka 1921. Hakuwa na CT wala MRI. Miaka michache kabla, 1918, alikuwa ameeleza jinsi ya kuingiza HEWA ndani ya vyumba vya ubongo ili vionekane kwenye eksirei ya kawaida.

#23 Mzee wa Filamu

Na mgonjwa wa kwanza kupigwa CT ya kichwa, London, Oktoba 1971, picha ilionyesha uvimbe wenye kifuko kwenye ubongo wa mbele. Mashine ya CT ya Hounsfield, aliyeibuni, ilianza na vifuko, Ticha.

#24 Mwambao wa Muscat

Je, ndugu wengine wapimwe? Dada Binti, wewe kichwa kinakuuma?

#25 Hadubini

Familia chache zimeandikwa zenye ndugu wawili, au mzazi na mtoto, wote wana kifuko. Ni nadra. Wengi hawapimi ukoo mzima, ila ndugu mwenye kichwa kisichoeleweka ana sababu ya kuomba picha. Na Ticha, familia hizi zinaongeza nguvu upande wa kuzaliwa nacho, parafisisi iwe isiwe.

#26 Ticha Bios

Zinaongeza. Njia ya endodemu kupanda paani bado hujanichorea.

#27 Hadubini

Sijachora, na nikipata mchoro unaoshawishi nitauweka hapa. Dada, nina ombi moja. Mwambie mpasuaji kila kitakachotoka kiwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10 siku hiyohiyo na kipelekwe patholojia, hata kama kila mtu ana hakika ni nini. Yakitoka maji peke yake bila ukuta hatuwezi kusema kitu. Tena mhakikishe anayekisoma anajua ni kifuko cha koloidi, maana ndani ya ute ule wakati mwingine kuna nyuzi nyembamba zilizotawanyika, mabaki tu ya seli zilizooza, na kuna waliowahi kuzidhania kuvu. Mtu asije akaanzishiwa dawa za kuvu za miezi kwa sababu hiyo. Na kama ukuta ulishapasuka wenyewe utakutwa na vipasuo vya kolesteroli na seli zilizovimba mafuta, wataandika zanthogranuloma. Msishtuke, hilo nalo si saratani.

#28 Fundi wa Fuvu

Naongezea hapo. Kwa endoskopi kinachotoka mara nyingi ni vipande vidogo kuliko ukucha, na vinanata kwenye koleo. Mwambieni muuguzi wa chumba cha upasuaji mapema, chupa iwe mezani kabla hawajaanza.